Sura ya Tano: Mtu wa Pili

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12, na likizo hiyo yaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe anayotazamiwa kujifungua. Kwa hiyo karani wa benki, muuguzi au mwalimu wa hapa Moshi anarudi kazini mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu, pengine ana miwili tu. Mtoto wa umri huo kwa kawaida halii mama akiondoka. Anapokewa na dada wa kazi au mlezi wa deikea, anakunywa maziwa aliyokamuliwa, analala, anaamka, anamchekea yeyote anayemwinamia. Majirani wanasifu: mtoto huyu hana shida, ameshazoea.

Kisha unafika mwezi wa saba au wa nane. Mtoto yuleyule, nyumba ileile, dada yuleyule. Mama anafunga kilemba tu na kuchukua pochi, na mtoto aliyekuwa anachezea mfuniko wa sufuria anaangua kilio. Anatambaa kumfuata mpaka kizingitini, anang'ang'ania sketi. Jioni hataki kushushwa chini. Usiku anaamka kila mara kutafuta ziwa. Hapo maneno yanaanza ndani ya nyumba: huyu binti anamfinya mtoto mchana, anamnyima uji, kuna kitu amemfanyia. Nimeona mabinti wakifungishwa mizigo kwa kosa wasilolitenda. Nimeona pia wazazi wakimhamisha mtoto kutoka kituo kimoja kwenda kingine wakidhani wanamwokoa, kumbe wanamtoa kwenye mikono aliyokwisha kuijua na kumpeleka kwa wageni, katika kipindi ambacho wageni wanamtisha kuliko kipindi kingine chochote.

Dada hakubadilika. Mtoto ndiye amekua. Ameanza kujua watu, kama mama zetu wasemavyo, na kwa kuwa amewajua, anajua pia nani hayupo.

Mambo mawili yanakutana katika kichwa kidogo. La kwanza, mtoto ametambua kwamba mama yake ni mmoja na hana mbadala. La pili, ametambua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilichunguza hili kwa watoto wake watatu nyumbani kwake: alificha kitu chini ya kitambaa mbele ya macho yao. Mtoto mchanga aliacha kukitafuta kana kwamba hakikuwahi kuwapo. Alipofika miezi minane au tisa alikifunua kitambaa na kukichukua. Sasa mama naye yupo hata asipoonekana. Lakini kichwa hicho kilichojua kwamba mama yuko mahali fulani bado hakijui saa. Ukimwambia utarudi saa kumi na moja, hana pa kuiweka hiyo saa kumi na moja. Anachokijua ni kwamba mama yupo na hamwoni.

Jambo hili halitokani na malezi ya mjini, wala na mama kumdekeza mtoto. Jerome Kagan wa Harvard na wenzake waliwalinganisha watoto wa San wa jangwa la Kalahari, wa vijiji vya Guatemala, wa vijiji vya ujamaa vya Israeli na wa mijini Marekani. Popote walipopima, kilio cha kuachwa kilikuwa kidogo kabla ya miezi saba, kikapanda, kikafika kilele mara baada ya mwaka wa kwanza, kikaanza kushuka mtoto alipokuwa anaelekea miaka mitatu. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1978, watoto wa Boston waliokwenda deikea tangu wakiwa wachanga walifuata njia ileile ya wenzao waliolelewa nyumbani. Mama wa Pasua anayejilaumu kwamba mtoto analia kwa sababu alirudi kazini mapema anajibebesha mzigo usio wake. Angebaki nyumbani mwaka mzima, mtoto angelia vilevile siku ambayo mama angekwenda msibani Himo.

Elimu yenyewe ya jambo hili ina chimbuko lake hapa jirani. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia Mmarekani aliyekulia Kanada, alifika Kampala akimfuata mumewe aliyepata kazi huko. Alikuwa ametoka London, alikofanya kazi na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa mashuhuri kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao. Kampala alijiunga na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, akampata mkalimani hodari, Katie Kibuka, na wawili hao wakaanza kutembelea nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na mji. Walikuwa na akina mama 26 na watoto 28. Kila baada ya wiki mbili hivi walikwenda, wakaketi sebuleni saa mbili nzima, wakauliza maswali na kutazama.

Alikuwa amekuja na wazo la kuchunguza desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake ili alisahau. Alikuta wengi wameshaiacha. Ikabaki kutazama tu, na kutazama huko kukazaa matunda makubwa. Aliona mtoto akitambaa kutoka kwa mama kwenda kumchungulia mgeni, akirudi kugusa goti la mama, akiondoka tena, safari hii mbali kidogo. Aliona mama akiinuka kuelekea mlangoni, na mtoto akiacha kila kitu kumfuata. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kuhusu watoto wa Uganda kinaeleza kwamba 16 kati ya wale 28 walikuwa wameshikamana na mama zao kwa utulivu, wengine kwa wasiwasi, na wachache walikuwa bado hawajashikamana na mtu. Hao wachache walikuwa wakiachwa peke yao muda mrefu.

Katika kurasa hizo kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi wa Moshi alijue. Ainsworth hakuona kwamba kulelewa na watu kadhaa kunadhoofisha kifungo cha mtoto na mama. Mtoto aliyebebwa na shangazi, dada na bibi hakuwa na mapenzi pungufu kwa mama yake. Kilichomtofautisha mtoto mtulivu na mwenye wasiwasi kilihusu zaidi namna mama anavyomsikia na kumjua mtoto wake. Aliporudi Marekani na kuanza kuwachunguza watoto wa Baltimore, alishangaa: mama alipotoka chumbani, wengi hawakujali, maana walizoea kumwona akizunguka vyumba vya nyumba ileile. Waganda wadogo walilia kwa sababu mama akitoka alikuwa anakwenda shamba, na shamba ni muda mrefu. Ndiyo maana akabuni jaribio lake maarufu la dakika kama 20, ambapo mtoto na mama wanaingizwa katika chumba kigeni na mama anatoka kwa muda mfupi mara mbili. Jaribio hilo sasa limetumika dunia nzima, na mizizi yake iko katika sebule za vijijini Uganda. Kinachotazamwa sana si kilio mama anapotoka. Ni namna mtoto anavyompokea akirudi. Tutalihitaji hilo mbele.

Sasa tupande mlimani Kilimanjaro, tuone zamani mtoto aliachwa kwa nani.

Katika kihamba, shamba la migomba la ukoo, cha Kibosho, Uru au Marangu, nyumba ya bibi haikuwa mbali. Ilikuwa ng'ambo ya migomba, hatua ambazo mtoto anayetambaa angeweza kuzimaliza mwenyewe. Kitinda mimba ndiye aliyerithi nyumba ya wazazi, hivyo mke wake alizaa na kulea akiwa na mama mkwe ubavuni. Baada ya kujifungua mzazi alitunzwa ndani, akala mtori, na wanawake wa ukoo waliingia na kutoka. Mtoto alipitishwa mikononi mwao tangu siku za mwanzo. Baadaye mama aliporudia kazi zake, kazi zilikuwa nyingi na za mbali: kukata majani ya ng'ombe anayefugwa ndani, kushuka tambarare msimu wa mvua kulima mahindi na maharage, kupeleka ndizi sokoni. Kutoka Kibosho ya juu hadi mashamba ya tambarare ni safari ya kutwa kwa miguu, kwenda na kurudi na mzigo kichwani. Mtoto hakwenda. Alibaki na bibi, au na dada yake mkubwa aliyemfunga mgongoni kwa kanga. Otto Raum, mtoto wa mmisionari Mlutheri wa Kilimanjaro, aliandika kitabu kizima juu ya utoto wa Wachaga mwaka 1940, na watoto wanaowalea wadogo zao wamo ndani yake.

Mama Mchaga, kwa hiyo, alimwacha mtoto wake. Tusijidanganye kwamba zamani akina mama walikaa na watoto kutwa. Tofauti ni kwamba aliyeachiwa mtoto alikuwa mtu wa pili, aliyejulikana kabla ya hofu kuja. Mtoto alipofika miezi minane na kuanza kujua watu, mgongo wa bibi alikuwa ameshaujua kwa miezi minane. Alilia mama alipoteremka, kisha akanyamaza kwa bibi, kwa sababu bibi naye alikuwa wake. Katika miaka ya 1970 watafiti waliokwenda kwa Wagusii wa Kenya waliwapima watoto kwa mama na tena kwa msichana mdogo anayewalea, wakakuta mtoto ana vifungo viwili, kila kimoja na uzito wake. Watoto wa Wagusii walimpokea mama aliyerudi kwa kunyoosha mkono wapewe mkono, kama watu wazima, na watafiti ilibidi wajifunze kwamba mkono ule ni sawa na kukumbatiwa.

Yule mlezi mdogo hayupo tena, na hatutaki arudi. Elimu ya msingi kwa wote ilimpeleka darasani miaka ya 1970, na kufutwa kwa ada baadaye kukawapeleka na waliobaki. Vihamba vimegawanywa mpaka vikaisha. Kijana wa Rombo anapanga chumba Njoro au Majengo, mkewe anauza mitumba soko la Memorial au anafanya kazi hotelini, na bibi yuko mlimani na ng'ombe wake. Mtoto anakutana na bibi Krismasi. Hapo tena kuna maumivu ambayo watu hawayaelewi: bibi amengoja mwaka mzima, ananyoosha mikono, na mjukuu wa miezi kumi anapiga yowe na kujificha shingoni mwa mama. Bibi anaumia, baba anaona aibu, mtu anasema watoto wa mjini hawana adabu. Mwacheni. Bibi aketi karibu na mama, waongee, wacheke, amtazame mtoto kidogo kisha aangalie pembeni. Mtoto mwenyewe atatambaa kwenda kumgusa, pengine kabla mtori haujaiva. Akinyakuliwa kwa nguvu, sikukuu nzima imeharibika.

Mjini, basi, mtu wa pili inabidi atengenezwe kwa makusudi. Hilo ndilo tunaloshindwa, na tunashindwa zaidi pale mlangoni.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bajaji imesimama inanguruma, mama anaangalia saa. Geti la kituo limefunguliwa nusu. Mlezi, ambaye leo si yule wa jana, anamchukua mtoto wa mwaka na miezi miwili chini ya makwapa na kusema, "Nenda mama, nenda tu, akikuona atalia zaidi." Mwenzake anamwonyesha mtoto gari la plastiki. Mtoto anageuka kulitazama. Mama anachomoka. Mtoto anageuka tena, hakuna mtu.

Kumtoroka mtoto ni desturi iliyoenea kiasi kwamba wengi huiona kuwa huruma. Najua inavyofanyika: viatu vinaachwa nje usiku, pochi inapitishwa dirishani, redio inaongezwa sauti. Wengine wanadanganya: naenda chooni, nakuja sasa hivi, nakufuatia biskuti. Kwa dakika kumi inafanya kazi, mama anapanda bajaji bila kusikia kilio. Lakini mtoto amefundishwa somo baya, kwamba akigeuza macho kutazama kitu kizuri, mama anatoweka. Kuanzia hapo hageuzi macho. Nyumbani anamfuata mama mpaka chooni, hachezi mbali naye, usiku analala nusu nusu akihakikisha bado yupo. Wazazi wanasema amezidi kudeka. Analinda tu kile kilichokwisha kuibiwa mara nyingi.

Wapo watakaonijibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli pale mtoto anapotaka kisu au pipi ya tano. Haikutungwa kwa ajili ya mtoto wa mwaka mmoja anayeachwa na watu asiowajua. Na wala sisemi kilio kizuiwe. Nasema mtoto aagwe. Aambiwe kweli, kwa maneno machache, yaleyale kila siku: mama anakwenda kazini, utakula, utalala, utaamka, mama atakuja. Hajui saa, lakini chakula na usingizi anavijua, na baada ya siku kadhaa mpango huo unamkaa kichwani. Apewe mkono kwa mkono, kutoka kifuani mwa mama kwenda kifuani mwa mlezi anayemjua kwa jina. Kisha mama aondoke. Asirudi mara tatu kuchungulia, maana kila kurudi ni kuachwa upya. Atalia. Kilio cha mtoto aliyeagwa, akiwa mikononi mwa mtu anayemjua, mara nyingi hakifiki mbali. Mlezi mwenye moyo atatuma ujumbe wa simu baada ya robo saa kusema ametulia, na ujumbe huo ni tiba kwa mama pia.

Mkono wa mlezi unakuwaje mkono unaojulikana? Berlin wanao utaratibu uliobuniwa miaka ya 1980 na umeenea Ujerumani nzima. Siku tatu za kwanza mzazi anakuja na mtoto, anakaa naye kituoni kama saa moja, wanarudi nyumbani pamoja. Haachwi. Mlezi mmoja aliyepangiwa mtoto huyo anasogea polepole, anacheza naye mama akiwapo. Siku ya nne mzazi anaaga na kutoka, kwa dakika chache, zisizozidi 30. Mtoto akilia na mlezi akafaulu kumbembeleza, muda unaongezwa siku hadi siku. Akishindwa kubembelezwa, wanarudi nyuma na kuongeza siku za kukaa pamoja. Siku ya nne ikiwa Jumatatu wanangoja Jumanne, kwa sababu siku mbili za nyumbani zinamrudisha mtoto nyuma.

Utaratibu huo haufuti maumivu yote. Mwaka 2004 Lieselotte Ahnert na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 70 wa miezi 15 walioanza deikea Berlin. Walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao. Mama alipokuwapo kituoni, watoto walioshikamana naye kwa utulivu walikuwa na kiwango cha chini. Siku za kwanza za kuachwa, kiwango cha watoto wote kilipanda kwa asilimia 75 hadi 100 juu ya kile cha nyumbani. Mtoto anayeonekana anacheza anaweza kuwa bado anapambana ndani. Nasema haya ili mama ajue kwa nini mtoto wake amechoka hivyo wiki ya kwanza, na asimpangie siku ndefu mapema.

Najua jibu la mama anayeuza ndizi Mbuyuni: siku tatu za kukaa deikea nani atampa? Ni kweli. Yeye hana hata zile siku 84. Lakini zipo njia za kwetu. Bibi akishuka kwa wiki moja kutoka Uru, yeye anaweza kukaa na mtoto kituoni badala ya mama. Baba naye anaweza. Sheria inampa likizo ya uzazi ya siku tatu tu, ila wapo akina baba wenye bodaboda na duka ambao saa moja ya asubuhi wanayo. Aliyeajiriwa aanze kumpeleka mtoto kituoni wiki mbili za mwisho za likizo, ingawa bado halii, kwa sababu ndicho kipindi rahisi cha kumpa mtu wa pili. Na mama aache kanga aliyoivaa, isiyofuliwa, imlaze mtoto mchana. Harufu ya mama inabaki pale. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika mapema miaka ya 1950 juu ya vitambaa ambavyo watoto huvishikilia mama asipokuwapo. Bibi zetu walimfunika mtoto kwa kanga ya mama bila kusubiri daktari.

Mzazi anapochagua kituo hutazama uzio, choo, magodoro, na uji unapikwa wapi. Atazame. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo visajiliwe, na afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuulizwa. Lakini mzazi aulize pia maswali mawili: nani hasa atakuwa mlezi wa mwanangu, na amekuwa hapa muda gani? Kituo ambacho hakiwezi kulijibu la kwanza kina walezi wengi na hakina mtu wa pili hata mmoja. Kituo ambacho walezi wanabadilika kila baada ya miezi miwili kinamfundisha mtoto kutomshika yeyote. Na kituo kinachokataza mzazi kuvuka geti, hata wiki ya kwanza, mimi nisingemwacha mtoto pale, hata kama bembea zake ni mpya.

Moshi ina jadi ya kujivunia katika kufundisha walimu wa watoto wadogo. Masista Walutheri wa Ushirika wa Neema wamekuwa wakiandaa walimu wa Montessori kwa miaka mingi. Ila mafunzo ya namna hiyo ni ya watoto wa miaka mitatu kwenda juu, ambao hofu ya kuachwa imeanza kuwatoka. Anayepokea mtoto wa miezi minane, aliye katikati ya hofu hiyo, mara nyingi ni binti aliyeajiriwa kwa sababu anapenda watoto, mwenye mshahara mdogo kuliko wote kituoni. Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, Desemba 2021, na imezungumza sana juu ya miaka ya mwanzo ya mtoto. Ningependa fedha na mafunzo vianzie kwa binti huyu.

Jioni ina kilio chake. Mtoto aliyecheka kutwa, mlezi anaapa hivyo, anamwona mama getini na kuangua kilio, au anampiga kofi, au anageuza uso. Mama anafikiri mtoto alikuwa anateswa. Hapana, alikuwa amejizuia, na sasa amefika yule anayeweza kuupokea mzigo wote. Mama achuchumae, amkumbatie, asimharakishe kwenye bajaji, asianze kuongea na mlezi juu ya kichwa chake. Akienda kifuani, akalia, kisha akatulia na kuanza kuonyesha kiatu chake, hiyo ndiyo picha ya kifungo kizima ambayo Ainsworth aliitafuta. Anayenyonya atataka kufidia usiku kucha. Ni kawaida, na inasaidia mama akidai haki yake ya kunyonyesha wakati wa kazi, jumla ya saa mbili kwa siku, ambayo sheria ya 2004 inampa na waajiri wengi hawaitaji.

Kilio cha kuogopesha ni kingine: mtoto asiyebembelezeka kutwa nzima wiki baada ya wiki, anayekataa chakula mpaka mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unashuka, anayemwogopa mtu mmoja mahususi, mwenye alama mwilini. Huyo aondolewe kwanza, maswali yafuate. Na kuna yule asiyelia. Mwaka 1952 James Robertson wa London alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitali siku nane bila mama yake kukaa naye. Wauguzi walimwona mtoto mwema, mtulivu. Robertson alionyesha kwamba utulivu ule ulikuwa hatua ya huzuni: mtoto hupinga kwanza, kisha hukata tamaa, na akiachwa muda mrefu hujitenga na kumpokea mama kama mgeni.

Nawafikiria watoto wanaopandishwa basi Dar es Salaam wakiwa na mwaka na nusu, kilomita zaidi ya 500, wakabidhiwe bibi Machame ili mama afanye kazi. Wiki ya kwanza mtoto analia, ya pili ananyamaza, bibi anapiga simu: ameshazoea. Mama anakuja Pasaka na mtoto anajificha nyuma ya bibi. Sipingi mtoto kulelewa na bibi. Kwa wengi ni wokovu. Napinga kumtupa kwake kwa siku moja. Mama akae siku kadhaa mpaka mtoto ameanza kwenda kwa bibi mwenyewe, ndipo amuage.

Likizo ya Desemba ndiyo inayovunja vifungo vingi kuliko deikea zote za mji. Dada wa kazi anaomba ruhusa kwenda kwao Singida au Lushoto, Januari harudi, ama mshahara haukulipwa, ama amepata kazi bora. Watu wazima wanalalamikia vyombo visivyooshwa. Mtoto wa miaka miwili, aliyekuwa mgongoni mwa binti huyo tangu ana miezi mitatu, amefiwa, na hakuna anayempa pole. Anaanza kukojoa kitandani tena, anamwita, anasimama mlangoni saa ambazo dada alikuwa anarudi na mkate. Nyumba inaambiana: msimtaje, atasahau.

Mtajeni. Mwambieni mtoto dada amekwenda kwa mama yake. Ikijulikana kuwa dada anaondoka, mpya aje wiki moja kabla, wapike pamoja, wamwogeshe mtoto pamoja. Mshahara wa wiki hiyo ya watu wawili ni mdogo kuliko gharama ya mwezi wa usiku bila usingizi. Dada mlipeni kwa wakati, ili akitaka kuondoka aweze kusema mapema bila kuogopa kunyimwa stahili yake. Aage asubuhi, mtoto akiwa macho, ampakate. Na Jumapili mpigieni simu Singida, mtoto aisikie sauti yake.